Karani Aliyempenda Shangazi

Nilipokuwa mtoto kule Mogogosiek, nililala kitanda kimoja na shangazi yangu Chelagat, dada mdogo wa baba, msichana mcheshi aliyechuna chai haraka kuliko sisi sote. Halafu akaja karani mpya wa kupima majani, kijana wa upande wa ziwa aliyeitwa Otieno.

Shangazi akaacha chakula. Alinisimulia jinsi Otieno alivyokohoa ili yeye shangazi ageuke, jinsi alivyogusa gunia la shangazi polepole kuliko mengine. Kila kitu kilikuwa ishara. Asubuhi moja nilimkuta akichota matope ya alama ya kiatu cha Otieno, akayafunga kwenye leso. Gogo, nyanya yangu na mama yake Chelagat, alikuwa ametuonya kwamba anayechukua udongo wa unyayo wako amekuchukua wewe.

Nilipomwambia Gogo, alisema huyo kijana ndiye aliyemfunga Chelagat kwanza, kwa dawa za kwao. Niliamini. Shangazi alikuwa amekonda, na hata nikimwita macho yake yalibaki barabarani. Nilianza kulala ukingoni mwa kitanda, nikidhani kilichomwingia kitahamia kwangu.

Mwishowe Gogo alitupeleka wote wawili kwenye kituo cha kuuzia majani. Mbele ya foleni akamwambia karani, "Kijana, mimi sikuja na vita. Achilia mtoto wangu."

Otieno alitutazama mmoja mmoja, kisha akaweka kalamu chini. "Samahani, mama," akasema kwa upole. "Mtoto yupi?"

Gogo akamsogeza Chelagat mbele. Otieno akamwangalia kwa muda, akatikisa kichwa. Hakuwa anamjua.

Shangazi akatabasamu, akaninong'oneza, "Anaficha. Hataki watu wajue."

Sijawahi kuogopa vile. Gogo alinishika mkono kwa nguvu hadi nyumbani, na tangu siku ile hakutaja dawa tena.

Otieno alihamishwa. Shangazi alimngoja misimu kadhaa, kisha hali ile ikamtoka taratibu, kama homa. Leo ana wajukuu huko Roret na hupenda kusimulia mambo ya ujana wake, ila hayo huyaruka, nami simuulizi.

Nafikiri sasa naelewa kilichomnyamazisha Gogo. Alikuwa amejiandaa kumsihi mchawi, hata kumpigia magoti. Pale kituoni aligundua kwamba hakukuwa na mtu wa kumsihi.