Shimo la Mfano la Leodegari

Mtaani kwetu Lizaboni kila mtu alijua kwamba taka zilizojaa kwenye migomba yangu zilitoka kwa jirani yangu Leodegari. Kila mtu alijua pia kwamba Leodegari ndiye mwenye shimo la taka zuri kuliko yote Songea. Mambo hayo mawili hayakumsumbua mtu ila mimi.

Shimo alilichimba mwaka 1992, baada ya kupunguzwa kazi kwenye ghala la tumbaku alikokuwa karani wa mizani miaka kumi na tisa. Halmashauri, kwa hofu ya kipindupindu, ilikuwa imeamuru kila nyumba iwe na shimo. Sisi wengine tulichimba vishimo vya kumridhisha Bwana Afya. Leodegari, ambaye hakuwa tena na pa kwenda asubuhi, alilijengea lake matofali ya kuchoma, akalipiga lipu, akaweka na ngazi tatu za kushukia. Kushuka kufanya nini, sijui hadi leo. Bwana Afya, jina lake Nassoro, alipoliona akasema chanda chema huvikwa pete, akampa cheti cha Shimo la Mfano. Wageni wa kata nyingine wakawa wanaletwa kulitazama.

Sasa, shimo la kutazamwa na wageni utalitupiaje maganda ya mihogo? Leodegari alipiga marufuku, akawa analifagia kila siku. Na ile ilikuwa miaka ya ruksa: bidhaa zilimiminika madukani, na kila kilicholetwa nyumbani kilikuja na kopo lake au mfuko wake wa rambo. Basi mkewe, Kasiana, akawa anajitwisha kapu na kuja kumwaga migombani kwangu. Siku moja nilimfuma.

"Shikamoo, mama," akasema, ameinamisha macho. "Nisamehe. Hata mimi naona aibu."

Nilimwacha, maana mwenye kosa hakuwa yeye. Nikavumilia miezi minne. Siku niliyokuta fuvu la mbuzi juu ya magimbi yangu, uvumilivu uliisha, nikaenda kumshtaki Leodegari kwenye ofisi ya kata. Kesho yake mgambo wakamkamata Kasiana na kapu lake kichwani.

Adhabu ilikuwa kufagia soko siku saba. Nassoro akamwita Leodegari mbele yetu sote, akamuuliza kama taka zile ni za kwake. Akikubali, cheti kinakwenda. Akikataa, mkewe anafagia soko mji mzima ukimtazama.

Leodegari alilitazama kapu, hakumtazama mkewe.

"Kwangu hakuna taka," akasema. "Nendeni mkaangalie shimo."

Tukaenda, ofisi nzima. Shimo lilikuwa safi, ungeweza kulia chakula humo. Nassoro akaandika kwenye faili kwamba nyumba ile haina taka, na kwamba Kasiana alikutwa na taka zisizo na kwao. Mama wa watu akafagia soko siku saba bila kutoa chozi. Niliyelia ni mimi, kwa sababu nilimshtaki mume akaadhibiwa mke.

Siku ya nane Kasiana alijitwisha sanduku.

"Unakwenda wapi, Mama Jordan?" Leodegari akamuuliza pale uani.

"Kwetu, Mpitimbi. Si umesema taka hazikutoka kwako? Basi na aliyezibeba hakutoka kwako."

Leodegari alikaa peke yake wiki tatu. Kisha akaenda ofisi ya kata na kapu la maganda, akataka faili liandikwe upya: nyumba yake ina taka, na ilikuwa nazo siku zote. Nassoro akakataa. Ijumaa wangekuja wageni kutoka Tunduru, akamwambia arudi akafagie shimo. Leodegari akalimwaga kapu lote juu ya faili.

Wakampa siku saba za soko. Siku ya nne nilikuwa nanunua dagaa nilipomwona Kasiana akishuka kwenye lori la Mpitimbi. Mumewe alikuwa ameinama na ufagio karibu na vibanda. Kasiana hakumsalimu. Alinunua ndizi moja, akasimama mbele yake akaila taratibu hadi ikaisha, akaangusha ganda miguuni pake.

Leodegari akaliokota, akalipangusa vumbi, akalitia mfukoni mwa shati.

"Hili ni la nyumbani," akasema.