Mkeka wa Magunia ya Kahawa

Ndugu yangu Yaseen hakuwa mtu wa kusifiwa. Nasema mapema, maana watu wa Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, wakianza kumsimulia utadhani mama yetu alizaa walii. Dukani alikuwa mvivu, mteja akiuliza bei ya kitenge anajibiwa kwa miayo, na nguo zake nilimfulia mimi, Kaltum, dada yake mkubwa, mpaka alipooa. Lakini mpe mpira wa kriketi mkononi, uone mtu mwingine kabisa.

Kriketi mjini kwetu ilikuwa ya Wahindi na sisi Waarabu. Kulikuwa na Chama, Chama kilikuwa na uwanja wenye uzio wa waya, na mwenyekiti wake alikuwa baba yetu, Mzee Azhar. Baba aliendesha Chama kama alivyoendesha nyumba: anasema neno moja, kisha kimya. Kuwa mwanachama lazima utoke familia inayojulikana na wazee wakudhamini. "Chama si soko," alikuwa akisema.

Sasa, barazani kwa duka letu alikaa fundi cherehani, jina lake Melchior. Vita vilimtoa yeye na mkewe Dévote mtaa wa Kinama, wakaja kupanga Buyenzi. Fundi hasa; kanzu za Idi za Baba zote ni mkono wake. Jumamosi husimama nje ya uzio kutazama mechi, na mpira ukivuka waya yeye ndiye anayeurudisha. Siku moja Yaseen akamwonyesha namna: unakimbia, unauzungusha mkono juu ya bega umenyooka, kiwiko hakikunjwi, mpira unadunda kabla ya kufika kwenye vijiti vitatu. Melchior akarusha, vijiti vikang'oka. Yaseen alirudi nyumbani amepoa.

"Dada, yule fundi ananishinda," akaniambia.

Ukimjua Yaseen, utajua lilivyomtoka kwa taabu neno hilo.

Akamwombea uanachama. Baba akakataa hata chai hajaimaliza. Basi Yaseen, kwa kichwa kigumu alichorithi kwa Baba huyo huyo, akaanzisha ligi yake kwenye kiwanja cha kando ya mto Ntahangwa. Wakaja vijana wa Buyenzi na Bwiza, mafundi, wachuuzi, Wahutu, Watutsi, Waswahili, na hiyo ni miaka ambayo mtu wa mtaa huu hakuthubutu kukanyaga mtaa ule. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimetubana, petroli tunanunua kwa chupa, mipira ya kriketi ndiyo kabisa. Fundi viatu akawatengenezea yao: mpira wa baiskeli uliokatwakatwa, ukazungushiwa uzi, ukavikwa ngozi nyeusi ya mbuzi. Kikabaki kitu kimoja. Kriketi yetu huchezwa juu ya mkeka mrefu wa kamba unaopigiliwa ardhini, na mji mzima mkeka ulikuwa mmoja, wa Chama, umefungiwa stoo. Mimi na Dévote tukashona magunia ya kahawa kwa sindano ndefu mpaka vidole vikachubuka. Ulinuka kahawa mkeka ule. Niliupenda kuliko mapazia ya harusi yangu, wallahi.

Watu wakaanza kuuhama uwanja wa mjini, na Chama kikaja juu. Baba akawaita wanachama akatangaza: atakayecheza kule, atakayeamua mechi kule, hata atakayesimama kutazama, anafungiwa na Chama maisha. Tena mchezo unaochezwa nje ya Chama si kriketi.

"Sheria ni msumeno," akamalizia, macho kwa mwanawe.

Yaseen alikuwa ameshachaguliwa kwenda Kampala na timu ya Chama, safari aliyoiota tangu ana meno ya utoto. Akajibu kwa adabu, "Sawa, Baba," na Jumamosi akaenda zake Ntahangwa.

Hapo ndipo Baba alipokosea. Alikwenda kwa shefu wa zoni, mkubwa wa serikali mtaani, akamwambia kuna vijana wa mitaa tofauti wanakusanyika kando ya mto, hawana ruhusa, hawako chini ya Chama. Alitaka kiwanja kifungwe tu. Mzee mzima, mzaliwa wa Bujumbura, anajua fika kwamba siku zile ukimwambia mkubwa "vijana wanakusanyika", maneno yaliyobaki atayajaza mwenyewe. Lakini hasira zilikuwa zimempanda kichwani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale na chupa ya chai na mandazi, Dévote kando yangu. Melchior alikuwa anarusha. Alikuja mbio, mkono ukapita juu ya bega, mpira ukatoka, na kabla haujadunda nikasikia lori. Wanajeshi waliruka chini wakatuzunguka, bunduki mbele.

Komanda wao alikuwa mtu mpole wa sauti, na hao ndio wa kuogopa. Aliuokota mpira, akaupima mkononi. Mweusi, mzito, unaenea kiganjani. Akamwita Melchior.

"We, hii unatupa namna gani? Nionyeshe."

Melchior akaonyesha. Mkono ulionyooka, juu ya bega. Mimi nimeangalia kriketi maisha yangu yote, na siku ile kwa mara ya kwanza niliona alichokiona yule komanda. Watu walikuwa wanarushiana grunedi, yale mabomu ya mkono, sokoni na kwenye mabaa, na hapa kuna vijana wamejipanga wanajifunza kutupa.

"Unatoka wapi?"

"Kinama."

Kinama, mtaa wa Wahutu, ilikuwa imesemwa ina waasi, ikatiwa moto na kuhamwa, na kijana wa Kinama aliyepandishwa kwenye lori, mkewe alikuwa hana pa kwenda kumuulizia.

"Ni muchezo tu, afande," akasema Melchior. "Mi najua hii mupira tu."

"Muchezo gani? Mi sijawahi kuuona."

Yaseen akajitokeza, akaeleza, akaonyesha vijiti na magongo. Komanda akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani mwenye cheo anaujua mchezo huu.

"Mwenyekiti wa Chama cha Kriketi. Azhar, mwenye duka."

Wakapandishwa wote lorini, na mimi nikaamriwa kumleta huyo mwenyekiti.

Nilikimbia mpaka ndala moja ikanitoka, sikuirudia. Baba alikuwa anakunja vitambaa.

"Wamepakiwa lorini," nikamwambia. "Na Yaseen."

Uso ukamgeuka majivu. "Mimi nilisema wafunge kiwanja tu."

"Basi nenda ukawaambie hivyo wenye bunduki, Baba."

Sijawahi kumsemesha Baba vile, kabla wala baada. Alichukua ufunguo wa gari.

Tulipofika, Dévote alikuwa amekaa chini juu ya mkeka wetu, kanga mdomoni. Komanda alimwamkia Baba kwa heshima.

"Muzee, unaona hawa? Hii ni kriketi ao apana?"

Baba aliangalia lori. Kulikuwa na wanachama wenzake wawili waliotufuata kutoka mjini, wamesimama nyuma yake, na walikuwepo siku ile alipotangaza. Akajikohoza.

"Yule wa pembeni ni mwanangu Yaseen. Naomba nimchukue. Wengine siwajui."

Siwajui! Na kanzu aliyovaa imeshonwa na Melchior. Nilisikia aibu mpaka nyayoni. Dévote aliinua uso akamtazama tu.

"Shuka," komanda akamwambia Yaseen.

Yaseen hakushuka. Alikuwa amekaa bega kwa bega na Melchior. Alikuwa anaogopa, namjua ndugu yangu.

"Baba, wewe umesema hii si kriketi. Kama si kriketi, basi na mimi nilikuwa najifunza kutupa mabomu. Waache wanipeleke na wenzangu."

Hapo nilidhani tumeshampoteza. Askari mmoja akafunga mlango wa nyuma wa lori, komeo likalia. Baba akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni kriketi," akasema.

"Sisikii, muzee."

"Hii ni kriketi. Na hawa ni wachezaji wa Chama changu. Wote."

"Na huyu wa Kinama?"

"Huyo ndiye fundi wangu. Anarusha vizuri kuliko mwanangu."

Komanda akautia ule mpira mfukoni na kuamuru komeo lifunguliwe.

"Sawa. Kama ni wa Chama chako, wacheze kwenye uwanja wa Chama, mahali ninapowaona. Nikiwakuta hapa tena, sitamwita mutu."

Amri ya komanda haikatiwi rufaa. Jumamosi iliyofuata Baba mwenyewe alifungua kufuli la uwanja wa mjini, na wale vijana wakaingia, Melchior mbele, wazee wa Chama wamenuna kama waliokula shubiri. Yaseen peke yake hakuingia. Baba alikuwa ameshamfungia maisha. Alitangaza sheria mbele za watu, alisema, na kama ameipindisha kwa wageni, hataipindisha tena kwa mwanawe. Kampala walikwenda wengine. Nililia na kumlaani, kisha nikaomba toba, kwa kuwa ni mzazi.

Yaseen hakuomba msamaha na Baba hakuutoa. Kila Jumamosi ndugu yangu alisimama nje ya uzio, pale pale alipokuwa akisimama Melchior, na mpira ukivuka waya aliurudisha kwa mkono ule ule uliostahili kuwa ndani. Baada ya miezi Baba akaanza kukisogeza kiti chake, kidogo kidogo, mpaka kikafika kwenye waya. Yaseen naye akatafuta kreti ya soda akakaa. Wakawa wanatazama mechi hivyo, bega kwa bega, waya katikati, hawasemezani, mpaka mwaka Baba alipofariki. Chai nilikuwa napeleka mimi, kikombe cha mmoja ndani, cha mwingine napitisha chini ya waya.