Uyoga wa Urmo

Bibi yake Eha Kuusmaa hakumwambia mtu yeyote mahali anapochuma uyoga, na katika kijiji chao cha msituni karibu na mji wa Võru hakuna aliyemlaumu. Kila nyumba ilikuwa na siri yake ya uyoga. Ila bibi huyu alizidi. Majirani walipomdodosa, alimtajia kila mmoja mahali pake: huyu ukingo wa kinamasi, yule kilima cha kaskazini, mwingine nyuma ya kinu. Kote huko hakukuota hata uyoga mmoja. Kisha asubuhi alizunguka na fimbo yake kutazama nyasi zimelala wapi.

"Pakikanyagwa na miguu mingi, nimeshamjua mwenye mdomo wazi," alimwambia Eha. "Kaka yangu alipandishwa treni ya wafungwa ya Siberia kwa sababu ya mdomo wa jirani. Usicheke, mjukuu wangu."

Eha hakucheka. Alikuwa mtoto asiyecheka ovyo, na somo lile lilimkaa mwilini kuliko yote aliyofundishwa baadaye chuoni Tartu, aliposomea hesabu, na hata kuliko ya jeshini. Alijiunga na jeshi zama ambazo msichana mwenye sare bado alikabidhiwa birika. Mkuu wake wa kwanza alimkabidhi kweli. Eha akachemsha kahawa, akaipeleka, akaiweka mezani kwa adabu zote, kisha akainua kibodi ya bwana mkubwa na kumwonyesha nywila aliyoibandika chini yake. Tangu siku hiyo birika likapata mwenyewe mwingine.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule ambao tovuti za serikali na za benki zilizimwa na wadukuzi moja baada ya nyingine, aliyekesha naye mbele ya kompyuta alikuwa luteni mmoja mrefu, mwenye masikio makubwa na maneno machache, Urmo Lepasaar. Walikula mkate mweusi na samaki wa kopo, wakalala kwa zamu sakafuni. Hawakuachana tena kazini. Eha alipanda vyeo hadi ukanali, akapewa kikosi cha ulinzi wa mtandao, na Urmo akawa naibu wake. Kila vuli Urmo alimletea chupa ya uyoga wa manjano wa siki. Siku moja, wamekaa kibarazani pa sauna ya Urmo na mkewe Anneli, mvuke ukiwatoka mabegani, Eha akawasimulia mtego wa bibi yake. Walicheka mpaka Anneli akamwaga bia.

Basi mwezi wa tano mmoja, siku za kupanda viazi, wadukuzi kutoka ng'ambo ya mpaka walikuja moja kwa moja kwenye seva za akiba. Hawakupapasa. Walikuja kama mtu anayeijua swichi ya taa ya nyumba yake. Walizuiwa mlangoni, lakini swali likabaki: mlango wameujuaje? Waliojua zilipo seva zile walikuwa watu watatu: Eha, Urmo, na Kapteni Kaupo Rannik, kijana hodari aliyeoa majuzi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Eha alianza kumtazama Urmo. Akaona gari jipya. Akaona anatoka nje kila simu ikilia, anaongea amegeukia ukuta. Akaona ananyamaza yeye akiingia. Usiku alihesabu hisani zote za Urmo na kila moja ikageuka ushahidi. Hata uyoga! Kwa nini mtu amletee mwenzake uyoga miaka yote hiyo? Alijionea aibu kwa wazo hilo, na hakuliacha.

Akamwita Urmo faraghani. "Seva tumezihamishia Viljandi. Unayejua ni wewe tu."

"Sawa, Afande," Urmo akasema, naye hakuwa na kawaida ya kumwita Afande wakiwa wawili.

Kaupo naye, Eha alimwambia Pärnu. Kote kuwili hakukuwa na seva, ila mlango mtupu wa mtandaoni na kengele nyuma yake. Ingelia kengele ya Viljandi, Urmo angekwenda jela, na mdomo wa kumpeleka ungekuwa wa Eha.

Baada ya sikukuu ya Jaani, ya katikati ya kiangazi, moto wa kila kijiji ukiwa umeshakuwa majivu, kengele ililia. Pärnu.

"Nilikuwa sitaki kuukosa moto, Afande," Kaupo alisema, ameiva uso kwa aibu. "Nikaenda na kazi shambani kwa wakwe. Nikaifanyia kwenye kompyuta ya baba mkwe."

"Na wakati wa viazi?"

"Na wakati wa viazi."

"Ile wanayochezea watoto magemu, iliyojaa virusi?"

Kaupo akaitikia kwa kichwa. Hakuwa msaliti, alikuwa mjinga tu.

Jioni Urmo aliingia, akafunga mlango, hakukaa.

"Kwa hiyo mimi ulinipa Viljandi."

"Ulijua?"

"Hadithi ya bibi yako ulinisimulia mwenyewe, Eha. Nilijua kabla hujamaliza sentensi."

"Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Ilinibidi."

"Ilikubidi, ndiyo. Mwezi wa nane natoka jeshini. Anneli anaumwa, tena vibaya. Lile gari letu la zamani ni refu, hawezi tena kulipanda, ndiyo maana nikanunua jipya."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikifungua mdomo unanitazama kama mtu anayetafuta nyasi zilizolala."

Moyo ulimuuma Eha, na bado sikio lake lilikuwa likiipima sauti ya Urmo, kama inatetemeka au haitetemeki. Mazoea yana taabu.

Urmo alipofika mlangoni aligeuka. "Vuka stesheni ile iliyofungwa, ufuate kijito mpaka misonobari mitatu iliyoungana. Uyoga wangu uko hapo. Sitakuwa na nafasi ya kuuchuma mwaka huu."

Ananilipa kwa mahali patupu, Eha aliwaza. Angekuwa yeye, angelipa hivyo hivyo. Alikwenda mwishoni mwa mwezi wa nane akiwa na kindoo kidogo cha mtoto, asije akaonekana anarudi na ndoo kubwa tupu.

Misonobari mitatu ilikuwepo, imeungana. Chini yake uyoga ulikuwa umetanda, manjano tupu, mbali kiasi cha macho kuona. Hakuna aliyepagusa.

Eha Kuusmaa, kanali, alipiga magoti akalia kwa sauti. Kisha akachuma kiasi cha chupa moja, cha kumpelekea Anneli. Kabla ya kuondoka alitazama nyuma, akaona nyasi zimelala. Miguu iliyozikanyaga ilikuwa yake peke yake. Akainama, akaanza kuziinua kwa mkono, jani moja moja.