Mchunga Tuliowaficha Wageni

Mwanangu, siku ile wageni wa ufadhili walipokuja kwetu Jomvu Kuu naikumbuka hata leo, mpaka harufu ya jira ya pilau iliyojaa nyumba tangu asubuhi. Nakuhadithia kwa sababu nasikia unajaza fomu, unawaombea pesa kina mama wanaolima mboga. Nimefurahi, wallahi. Lakini hebu nisikize kwanza, maana fomu kama hiyo mimi nilishaijaza, nikaja nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina cheti cha shule, najiona si haba. Shamba letu nyuma ya nyumba, ule upande wa mikoko, likilimwa na kina mama wa Kigiriama. Ardhi ilikuwa ya babu yangu, wao wakilima kwa ruhusa yake tu. Na ruhusa ya mdomo, mwanangu, huweza kuondolewa siku yoyote, hata kama mtu amelima hapo tangu hajaolewa.

Mkubwa wao akiitwa Mama Kadzo. Mboga alizijua huyo! Mchunga, mnavu, majani ya kunde, lipi uchanganye na lipi ili ukali upungue, mbegu ipi uiweke kwenye jivu. Dawa za dukani hakuzitia shambani hata mara moja. Mimi nimekulia mikononi mwake. Nikitoka shule nilipita kwake kwanza, nikakata tonge la sima na kuchovya kwenye sufuria yake, ndipo niende nikamwamkie nyanya yangu.

Basi pakatangazwa ufadhili. Walitaka vikundi vinavyolima chakula cha kwao bila kuiumiza ardhi, na hasa watu waliowekwa nyuma kwa ajili ya asili yao, wasio na ardhi wala sauti. Nikasema, kumbe ni hawa wetu! Nikakaa na fomu siku tatu. Nikaandika majina yao wote, nikaandika mchunga, nikaandika wanavyodharauliwa. Machozi yalinitoka nikiandika, usicheke. Tuliomba kisima na pampu. Na babu akaahidi kwamba kisima kikichimbwa, atatia sahihi karatasi ya kuwaacha kina mama walime pale miaka mingi bila mtu kuwaondoa. Karatasi hiyo ndiyo Mama Kadzo aliyoitaka. Maji angechota popote.

Wafadhili wakajibu kwamba wanakuja kutuona. Hapo ndipo akili yangu ilipoharibika. Wageni wa Nairobi na wa ng'ambo waje kwetu, wakalishwe chini ya mnazi wale majani? Sisi watu wa Jomvu tunajua kukaribisha mgeni! Mchunga hata sisi tulikula, lakini siku za kawaida, mlango umefungwa. Nikatafuta mbuzi, nikatafuta mpishi wa pilau, nikaazima mazulia.

Mama Kadzo akaja mapema na wenzake, kichwani ana sufuria ya mchunga wa nazi.

"Nimewaletea wageni, Mwanaisha. Waone tunachokula."

"Aka, Mama Kadzo! Mgeni kweli aandaliwe mchunga? Utaniaibisha. Hebu weka uani, tutakula sisi baadaye. Na mnisaidie vyombo, vitakuwa vingi."

Akaniangalia kidogo. "Haya, mwanangu," akasema, akapita uani.

Wageni wakala, wakashukuru, wakanawa. Kisha mmoja wao, mama mtu mzima mwenye upole, akaniuliza kina mama wa shambani wako wapi. Nikasema wana shughuli. Akauliza kama angeweza kuonja ile mboga niliyoiandika. Nikasema msimu wake umepita. Dirisha la uani lilikuwa wazi, mwanangu, na kelele za vyombo zikakatika pale pale. Nilijua wamenisikia, na bado nikaendelea kutabasamu.

Wageni walipoondoka, nyanya yangu akaniita kutoka chumbani.

"Mwanaisha!"

"Abee, nyanya." Nikaingia.

"Ile fomu uliandika ya nani?"

"Ya kina Mama Kadzo."

"Na waliokaa na wageni ni nani?"

Nikageuka kuangalia uani.

"Umewaombea watu heshima, kisha ukawapa vyombo waoshe. Huna haya wewe! Toka mbele yangu, nenda kawatake radhi sasa hivi."

Nikaenda uani mbio. Vyombo vyote vilikuwa vimeoshwa na kupangwa, wenyewe wameshaondoka na sufuria yao.

Barua ya wafadhili ilikuja yenye adabu tele. Walitusifu kwa ukarimu, wakasema wamekuta familia yenye shamba, lakini wale walioandikwa kwenye fomu hawakuwaona. Kisima hakikuchimbwa, na babu hakutia sahihi. Alipofariki, Mungu amrehemu, ami zangu wakaliuza shamba. Kina mama wakaambiwa wavune vilivyobaki na waondoke. Mama Kadzo akahamia kwa ndugu zake Utange.

Nilikaa miaka miwili ndipo nikapata uso wa kwenda kwake. Akanipokea kwa furaha, na furaha ile iliniumiza zaidi ya matusi. "Bi Mwanaisha! Karibu kiti." Bi! Mtu aliyenifuta makamasi! Akatuma mkate dukani, akanimiminia chai kwenye kikombe kizuri. Nikashindwa kunywa, nikalia, nikamwomba msamaha.

"Nilikusamehe zamani," akaniambia. "Lakini siku ile nilikuwa nimejifunga leso mpya. Usiku kucha nilikuwa nikipanga maneno ya kuwaambia wale watu juu ya lile shamba. Nilikuwa nayo yote hapa kichwani."

Maneno yake hayo sikuwahi kuyajua, wala sikuwa na ujasiri wa kuyauliza. Alikufa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaituma fomu yako, nenda ukawasomee kwa sauti wale ulioandika majina yao. Wakikataa neno, lifute. Wakikataa fomu nzima, ichane usinune. Siku ya wageni, wao ndio wakae mbele, wao ndio waseme, na chakula kiwe walichopika wao. Wewe ubebe maji ya kunawa, hiyo kazi inakutosha. Ukimwonea mtu aibu, usimwombee pesa.

Na jambo la mwisho, hili huninyima usingizi uzeeni. Ile karatasi babu angeweza kuitia sahihi bila kisima na bila mfadhili. Kalamu ilikuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa mjukuu wake mpenzi, ningemwomba asingeninyima, na wala sikuwaza kumwomba. Nilikuwa nikingoja watu wa mbali waje wawape wenzangu haki iliyokuwa nyumbani kwetu. Basi anza na kilicho mikononi mwa watu wako, ndipo uandikie wa mbali.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe kauli njema na uso usiowaonea aibu waliokulea. Riziki utakayowatafutia wenzako iwafikie wakiwa hai, waishike kwa mikono yao. Amin.