Mama Nionyeshe na Macho ya Kinyozi

Jina lake la kwenye vyeti alilijua yeye na mwajiri wake. Wagonjwa walimwita Mama Nionyeshe, na wala hakununa. Alikuwa tabibu wa macho katika zahanati yenye benchi moja refu, chumba kimoja cha giza, na mashine ya kupima presha ya macho aliyoifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Ukimwambia dawa unatumia, hakubishii wala hakusifii. Anakuambia tu, "Toa chupa. Nionyeshe." Hapo ndipo watu walipoumbuka: huyu anajitilia dawa shavuni, yule anafumba jicho kabla tone halijafika, mwingine hata kifuniko hajawahi kukifungua. Jamani, binadamu!

Siku hiyo aliingia kinyozi na mkewe. Jicho la kushoto la kinyozi lilikuwa limeshakufa. Presha ililila polepole bila kuuma, akaja kushtuka halioni hata mwanga. Lililobaki lilikuwa la kulia, na hilo ndilo lililokuwa likilisha nyumba. Miezi michache nyuma, Mama Nionyeshe akiwa likizo, aliyemshikia nafasi alikuwa amempa kinyozi dawa ya matone.

"Siku hizi wateja wananikimbia," kinyozi alisema huku akicheka. "Juzi nimemnyoa mwalimu, nikamwachia kichaka juu ya sikio. Kaenda nacho darasani hivyo hivyo!"

"Hapa anacheka," mkewe alidakia. "Nyumbani anajigonga kwenye milango, na usiku halali."

Mama Nionyeshe alimkalisha kwenye mashine, akapima. Akapima tena. Presha ya jicho la kulia ilikuwa juu vibaya sana, na vitu vya pembeni kinyozi alikuwa havioni tena. Kwa mtu anayetumia dawa, maana yake dawa imeshindwa, na kilichobaki ni kumpeleka hospitali kubwa akapasuliwe. Sasa kumpasua mtu jicho pekee alilonalo si mchezo. Likiharibika, hana la akiba.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Jicho la kushoto, lile lililokufa, presha yake ilikuwa imeshuka vizuri kabisa.

"Baba, dawa unatia?"

"Asubuhi na jioni, daktari. Muulize mwenye nyumba huyu."

"Anatia," mkewe alisema. "Mimi mwenyewe ndiye ninayemshikia kioo. Kwa hilo simsingizii."

"Toa chupa. Nionyeshe."

Kinyozi akatoa chupa, akainua kidevu kama anavyowainua wateja wake, akavuta kope ya chini, akadondosha. Tone likaingia katikati kabisa. Ulikuwa mkono wa mtu aliyezoea wembe, huwezi kuutoa kasoro. Akafunga chupa, akairudisha mfukoni.

Alikuwa ametia jicho la kushoto tu.

"Na la kulia?" Mama Nionyeshe aliuliza.

"La kulia lina nini, daktari? Hili ndilo zima. Mgonjwa si huyu wa kushoto?"

Hasira zilimpanda Mama Nionyeshe, tena si kwa kinyozi. Zilikuwa kwa yule aliyemshikia nafasi, aliyesema "tia machoni" akaishia hapo, akaita mgonjwa mwingine. Akazimeza. Akavuta kigoda, akakaa naye uso kwa uso.

"Baba, nisikilize vizuri. La kushoto halirudi. Si kwa dawa hii, si kwa dawa yoyote. Dawa hii hairudishi kilichokwenda, inalinda kilichobaki. Na hili la kulia linaumwa ugonjwa ule ule."

Utani ulimkaukia kinyozi mdomoni. Aliishika ile chupa ndani ya mfuko.

"Kila asubuhi nalifumba la kulia, nione kama la kushoto limeanza kuona," alisema. "Nilikuwa nalingoja, daktari."

Mkewe aligeukia ukuta. Mama Nionyeshe naye roho ilimuuma, lakini hakuwa mtu wa kulegea.

"Pole, baba. Ukitaka kulia, lia. Ila leo hutoki humu hujalitia hili la kulia. Habari ya kupasuliwa tutaizungumza baadaye. Kwanza nipe mwezi mmoja wa dawa iliyofika mahali pake."

Kinyozi akaichomoa chupa mfukoni. Tone la kwanza likaangukia pua.

"Tena."

La pili likaishia kwenye kope.

"Tena, baba. Chupa tunayo."

La tatu likaingia.

Mwezi ulipokwisha walirudi. Mama Nionyeshe alipima, hakuamini, akapima upya. Presha ya jicho la kulia ilikuwa imeshuka. Alishusha pumzi hata waliokaa benchi la nje wakaisikia.

"Hupasuliwi," alisema. "Endelea hivi hivi, nami nitakuwa nakupima."

Kinyozi alifumba macho, akatabasamu. Lakini mkewe alikuwa na lake moyoni.

"Daktari, msemee huyu. La kushoto bado analitia! Nimemkataza mpaka nimechoka."

Kinyozi akainamisha kichwa. "Tone moja tu," alisema.

Mama Nionyeshe alikuwa na maneno tele ya kumwambia, na yote yalikuwa kweli.

"Toa chupa," alisema. "Nionyeshe."

Kinyozi akainua kidevu. Mkono ulielekea kushoto kwa mazoea, ukasita, ukaja kulia. Tone likaingia sawasawa. Kisha akabaki na chupa mkononi, akimtazama tabibu kwa lile jicho moja.

"Haya," Mama Nionyeshe alisema. "Na mwenzake."