Rangi ya Vitufe Ilimtoa Upendo Kazini

Nimemkosea mtu, na nimemkosea kwa majivuno yangu. Niliporudi Mbeya kutoka Dar na diploma ya kompyuta, wajomba zangu pale Iyunga walisema sitafika popote zaidi ya kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Basi nikawaonyesha.

Tajiri mmoja wa duka la pembejeo alinipa kazi: mfumo wa kupokea oda za mbegu za viazi. Nikauandika kwa Java, lugha ya kuandikia programu, ukafunguka kwenye simu yoyote. Nikauunganisha na database ndogo ya kutunzia oda, ya faili moja tu, kama zile za kompyuta ya mezani. Mchana mmoja tu, ukakubali! Nilitembea mtaani kama mimi ndiye niliyeleta intaneti nyanda za juu.

Aliyeingiza oda ni dada Upendo, Mhehe wa Kalenga, mtu wa maneno machache. Haikupita wiki, oda zikapotea. Akaingiza upya, zikapotea tena. Wakulima wanafika kuchukua mbegu, majina hayamo.

Tajiri akaniuliza. Mimi, msomi, nichunguze kazi yangu? Nikasema mbele ya wakulima kwamba mfumo hauna shida, labda anayeushika anafuta majina ili mbegu ziende kwa ndugu zake.

Upendo akanitazama. "Kaka, unaniita mwizi?"

Nikamjibu kwamba kompyuta haidanganyi. Jioni ile akaachishwa kazi, akarudi kwao.

Baada ya siku chache nikabadilisha rangi ya vitufe, maana kijani kilinichosha, nikapandisha toleo jipya. Oda zote zikayeyuka. Tajiri akaja taratibu, mikono mgongoni.

"Haya, fundi. Upendo yuko Kalenga. Leo nani kafuta?"

Nikakaa kwenye kompyuta, nikachunguza kazi yangu kwa mara ya kwanza. Faili la oda nilikuwa nimelifungasha ndani ya programu yenyewe. Kila nikipandisha toleo jipya, la zamani linafutwa pamoja na oda zake, linakaa faili langu tupu. Na matoleo yote niliyopandisha tangu wiki ile ya kwanza yalikuwa ya mapambo tu.

Nikapanda basi hadi Iringa, nikaunganisha Kalenga. Mama yake Upendo alinipokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, akaniwekea ugali kabla hajajua nimefuata nini. Nikausogeza pembeni, nikaeleza yote. Upendo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniita mwizi dukani," akasema. "Kanisafishie jina dukani."

Nikarudi dukani, nikasema yote mbele ya wakulima walewale. Mzee mmoja akauliza kama diploma yangu ni ya kupaka rangi. Walicheka sana, nami nilistahili.

Faili nimelihamishia kwenye folda yake, nje ya programu. Kazi ya dakika chache! Tajiri alimwita Upendo arudi, akakataa. Alisema hawezi kukaa ofisi moja na mtu asiyekosea.

Ndugu yangu mwenye cheti ukutani, mfumo wako bado ni mzuri, na wangu pia, tena sana. Lakini data ikipotea, usitaje jina la mtu kabla hujafungua ulichofunga mwenyewe. Oda huingizwa upya. Upendo hajarudi.