Tatu ya Ariwara

Mashine yetu ya kupasulia mbao mume wangu aliinunua Ariwara, mji wa karibu na mpaka, kwa mfanyabiashara aliyeivusha kutoka Uganda. Ilifika Bunia vipande vipande juu ya lori, na majirani wakadhani tumenunua kitanda cha hospitali. Ina reli mbili za kulaza chini, na juu yake kichwa chenye injini na msumeno mwembamba wa mkanda. Gogo linalala katikati, limetulia. Anayetembea ni wewe, unasukuma kichwa taratibu na mbao inajitenga kama kipande cha mkate. Kisha unakirudisha, unakishusha kidogo, unaanza tena. Pembeni kuna bamba la namba, la kukuonyesha umeshusha kiasi gani.

Bamba hilo mume wangu hakulitazama hata siku moja. Alikuwa na kijiti chake cha mwanzi chenye alama za kisu: moja ya mbao za dari, nyingine ya milango, nyingine ya meza. Mimi nafundisha hesabu darasa la tano, na kijiti kile kilinikera kuliko hata kukoroma kwake. Namba ziko mbele ya macho, mtu mzima anapima kwa mwanzi! Asubuhi moja ya likizo makaa yalikuwa yamelowa, nikakitia kijiti kwenye babula, jiko letu la makaa, kikawasha moto vizuri sana. Tulipomaliza kunywa chai nikamwambia kwamba kuanzia leo namba ni kazi yangu.

Alitazama kikombe chake. "Kumbe hii chai ilikuwa ya kijiti yangu?"

Nikamjibu ndiyo, na kwamba ilikuwa tamu. Sasa balaa ni kwamba siku hiyohiyo tulikuwa tunapasua mti wa mama.

Mama yangu anakaa nasi. Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi alioupanda baba kwenye uwanja wetu mwaka tuliofika Bunia, na baba hayupo tena. Ulikuwa umeanza kuegemea paa la choo, kwa hiyo tuliukata, na mama akasema hauuzwi hata tawi: utatoa meza ya kukaa sisi wote, pamoja na mabenchi mawili. Tulikuwa tumewahi kuwa na meza. Ya kwanza ilibaki Djugu siku tuliyokimbia vita, chakula kikiwa juu yake. Ya pili wezi waliitoa mlangoni mchana kweupe, sisi tukiwa kanisani tunaimba. Tangu hapo tunakula sahani zikiwa mapajani, na mama alichukia jambo hilo kwa moyo wake wote. Alisema tunafanana na watu wanaongoja gari. Mti ulikuwa mmoja tu, na tukiuharibu hapakuwa na mwingine.

Seremala alitaka mbao za sentimita tatu. Tukaondoa maganda, nikazungusha mkono wa mashine hadi namba tatu, nikasimama kama mkaguzi wa shule. Mume wangu akasukuma. Mbao ya kwanza ikatoka.

Mama akaizunguka. "Hii mbao iko na mimba?"

"Mama, ni tatu," nikasema. "Mti mbichi umevimba. Ukikauka utapungua."

Nililisema kwa sauti ileile ya darasani, na hakuna mtoto wa darasa la tano ambaye angethubutu kuuliza mara ya pili. Mume wangu alinitazama, akamtazama mama, akarudi kwenye mashine. Kwetu mkwe hambishii binti mbele ya mama yake, na yeye ni mtu wa heshima. Lakini nilimwona mdomo ukimcheza. Alisukuma tena, na tena. Nilitarajia mbao kumi. Zilitoka nne, na gogo likaisha.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Niliingia ndani kuchukua rula ya shule, nikapima: saba na nusu, na zaidi kidogo. Nikapima upande wa pili kwa matumaini. Saba na nusu. Yule mfanyabiashara wa Ariwara alituuzia mashine yenye tatu ya kwao, ya inchi, nami niliisoma kwa tatu ya kwetu tunayofundisha ubaoni. Mimi, mwalimu wa hesabu. Niliona aibu, lakini zaidi niliogopa, kwa sababu mama alikuwa amekaa juu ya mbao za mti wa baba, anazihesabu kwa kidole.

"Mama, hakuna shida," mume wangu akamwambia kwa upole. "Tunairudisha kwa masini, tunaipasua kati-kati. Siye tutapata meza na ma-banc yote."

"Mubebe moja kwanza, nione."

Tuliibeba mimi na yeye. Hatua nne, tukaiweka chini tukihema. Mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

"Muache hivi hivi," akasema. "Musipasue tena."

"Na ma-banc?" mume wangu akauliza habari ya mabenchi.

"Tutaikala kwa bidon."

Mbao zilikaa kivulini miezi mingi, na kweli zilipungua kidogo, jambo ambalo nilimkumbusha kila mtu. Seremala aliitengenezea meza ndani ya nyumba, maana ingekamilika nje isingepita mlangoni. Tunakaa juu ya bidoni, yale madumu ya njano ya maji. Na nyumbani kwetu siku hizi mtu akitaka ugali mwingi anasema, "Unipimie tatu ya Ariwara," huku wote wakinitazama mimi. Mume wangu amechonga kijiti kipya, anakificha nisikokujua.

Siku moja, hivi karibuni, habari mbaya za vita zilipita mtaani, na pikipiki zikaanza kupita na magodoro. Niliogopa sana. Nikafunga kifurushi, nikamwambia mama avae viatu. Yeye alikuwa anatandika kitambaa.

"Mama, twende! Watu wanaondoka!"

Akapanga sahani, moja moja, kila moja mbele ya bidoni yake. Akapiga meza kwa kiganja, nayo haikutikisika hata kidogo.

"Weye mwalimu ndiye ulipima hii meza," akasema. "Ibebe kwanza. Nitakufuata."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama, akavuta bidoni, akakaa. Watoto wetu wakakaa. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa inatoa moshi, na nje kelele zilikuwa zinapungua, au labda nilitaka tu zipungue. Nikafungua kifurushi changu, nikatoa vijiko.